Sufuria Isiyo na Ngano

Jumapili hiyo Nasike hakwenda kanisani. Alimwambia baba yake kichwa kinamuuma, na haukuwa uongo, ingawa kilichomuuma zaidi hakikuwa kichwa. Mzee Wanyonyi alivaa koti lake la kahawia, akachukua Biblia, akatoka bila kumjibu. Tangu jana alasiri alikuwa hajamsemesha neno. Katika nyumba ya vyumba viwili kama yao, huko Njiru, mzazi akikununia huna pa kujificha. Unabaki kuosha vyombo.

Nasike aliosha vyombo. Vilikuwa vingi, kwa sababu jana walikuja wageni, tena si wageni wa kunywa chai na kuondoka. Mureithi, fundi wa kuchomelea milango na madirisha kule Huruma, mwanamume aliyempenda kwa miaka mitatu, alikuja na mjomba wake kujitambulisha rasmi. Majogoo watatu walitoka Bungoma wakiwa hai. Wawili wakapikwa mchuzi mzito wa kuwakaribisha wageni. Wa tatu alichemshwa kwa chumvi tu, awekwe kando, wageni wafungiwe waende naye nyumbani, kama inavyofanywa kwao.

Huyo wa tatu bado alikuwa kwenye friji, mzima. Hakuna aliyefungiwa kitu jana.

Kwa Wabukusu firigisi ya kuku haina mjadala. Ni ya mwenye nyumba. Watoto wanakua wakiiona kwenye sahani ya baba na hawathubutu kuuliza ina ladha gani. Lakini jana Mzee Wanyonyi aliitoa firigisi kwenye sahani yake kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya Mureithi. Shangazi yake Nasike, Senge Nabiswa, dada wa mzee, aliyekuja kusimamia mambo ya shangazi, alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Hakuna aliyewahi kumwona mzee huyo akimpa mtu firigisi yake.

Na Mureithi hakuila. Hakula firigisi, hakula nyama, hakugusa hata tone la mchuzi. Alimega ugali mkavu, akala na maji. Alipoulizwa akasema ameshiba. Alipoulizwa tena akasema, "Asante sana, Baba, nimeshiba kweli," huku jasho likimtoka. Mzee Wanyonyi aliinuka.

"Kijana," alisema, "mtu akiiacha firigisi yangu, ameniacha mimi. Basi na binti yangu pia mwache."

Mjomba wake Mureithi, Mzee Johnson, mtu mpole anayeuza vifaa vya ujenzi, alichukua kofia yake bila kuaga. Na Nasike alikuwa amesimama pale mlangoni na sufuria mkononi, na hakusema kitu.

Hapo ndipo palipomuuma. Katika chumba kile kizima ni watu wawili tu waliojua kwa nini sahani ile ilirudi jikoni kama ilivyotoka, naye alikuwa mmoja wao. Mureithi haruhusiwi ngano. Alihangaika na tumbo miaka mingi, akikonda, akitibiwa minyoo na vidonda ambavyo hakuwa navyo, hadi daktari mmoja alipomwambia kwamba utumbo wake unapigana na ngano, na kwamba kijiko kimoja tu cha unga kinatosha kumlaza kitandani siku tatu. Nasike naye anafanya kazi wapi? Kiwanda cha biskuti, Industrial Area. Siku sita kwa wiki anasimama mbele ya mashine akipumua unga. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumkumbatia Mureithi kabla ya kuoga na kuosha nywele. Wenzake kazini walimcheka. Yeye aliona ni jambo dogo.

Halafu jana, siku yenyewe, akiwa ametoka kwenye zamu mbili mfululizo na macho yakimfumbika akiwa wima, alichota unga wa ngano vijiko vitatu, akaukaanga na kitunguu, akautia kwenye mchuzi uwe mzito. Mkono ulikwenda wenyewe. Alikumbuka sahani zilipokuwa tayari mezani, Mureithi alipoinua macho kumtazama. Macho yale yalimuuliza, naye akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Leo asubuhi alimpigia simu. Hakujitetea. Alimwambia, "Mureithi, nilikosea. Njoo saa tisa. Nataka nikupikie chakula unachoweza kula, na baba akirudi nimwambie." Mureithi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hakulala, "Sijui kama nitakuja, Nasike," akakata.

Hata hivyo alipika. Alianza na sufuria. Aliisugua kwa waya na majivu, akachemsha maji ndani yake, akayamwaga, akachemsha mengine. Mwiko wa zamani, uliogeuza chapati na kukoroga uji na kila kitu tangu mama yake akiwa hai, aliuweka juu ya kabati, akachukua mpya alioununua dukani asubuhi. Kisha akamtoa yule jogoo, akamchambua nyama kwa vidole na kuiweka kando. Mifupa, shingo, mgongo na vipapatio akavitia kwenye maji, pamoja na tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na karoti mbili, akafunika na kupunguza moto. Jogoo wa kijijini ana mifupa migumu, hakupi utamu wake kwa haraka. Nasike akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaegemea ukuta. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na siku hiyo alihisi miaka yote iko kwenye magoti yake.

Supu ilipoanza kunukia, Senge Nabiswa alitoka chumbani akijifunga leso. Alikuwa amelala hapo hapo jana, akisubiri hasira ya kaka yake ipoe.

"Unapika nini?"

"Supu, Senge."

"Ya nani? Baba yako amesema hali kitu cha kuku mpaka mwezi uishe."

"Ya Mureithi. Nimemwita."

Senge Nabiswa alimtazama, kisha akavuta kiti cha plastiki na kukikalia kwa uzito. "Huyo kijana wa Nyeri umempendea nini, mama? Hebu niambie nijue. Maana uso wake ni wa kawaida."

Nasike alitabasamu bila kupenda. "Anasikiliza, Senge. Ukimwambia kitu leo, mwezi ujao bado anakikumbuka."

"Hilo hata redio inafanya." Senge alifunua sufuria, akachungulia. Nasike alikuwa ameshaitoa mifupa na kutia viazi, vipande vya malenge na nduma zilizokatwa ndogo ndogo. "Na sasa ndiyo nini hii? Maji matupu. Mchuzi mwepesi hivi unampa mtu unayetaka arudi?" Akaufikia mkebe wa unga, akachota kijiko.

Nasike aliruka kutoka kwenye ndoo, akamshika mkono. Unga ulimwagika sakafuni, mbali na jiko. Senge alibaki ameduwaa, maana katika maisha yake yote hajawahi kushikwa mkono na mtoto wa kaka yake.

"Nisamehe, Senge. Ngano ni sumu kwake."

Akamweleza. Alimweleza ugonjwa, akamweleza kuhusu familia moja ya Embu ambayo miaka minne iliyopita ilimkatalia Mureithi binti yao ikisema haimwozi mtoto wake kwa mgonjwa, tena atazaa wagonjwa wenzake. Kwa sababu hiyo Mureithi alimwapisha Nasike asiseme kwao. Angesema mwenyewe, siku akiwa ameketi na mzee.

"Jana nani alitia unga?"

"Mimi."

Senge Nabiswa aliutazama unga uliomwagika. "Ni mimi niliyekuambia mchuzi mwepesi ni aibu kwa wakwe."

"Uliniambia, Senge. Lakini mkono ulikuwa wangu, na mimi nilijua."

"Na baba yako alipokuwa akimfukuza mtoto wa watu, ukawa unatazama."

Nasike alichukua mwiko mpya, akaanza kuponda nduma na viazi kwenye ukingo wa sufuria, polepole, mpaka supu ikaanza kuwa nzito yenyewe. Senge akaenda kutafuta ufagio.

Saa tisa ilipita. Saa tisa na nusu ikapita pia. Nasike alirudisha nyama sufuriani, akakata dania, akaonja chumvi, kisha akaonja tena ingawa ilikuwa imetosha. Alipoacha kusikiliza nyayo kwenye ngazi ndipo mlango ulipobishwa.

Mureithi alikuwa amevaa shati lile lile la jana. Macho yake yalikuwa mekundu, na Nasike, aliyeyazoea yakiwa mekundu kwa sababu ya moto wa kuchomelea, alijua leo sababu ni nyingine. Walitazamana pale mlangoni. Nasike alitamani kumshika uso. Hakujua kama bado ana ruhusa.

"Niaje," Mureithi alisema.

"Poa. Karibu."

Senge Nabiswa alimsalimu, akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanika juu paani. Hakuwa na nguo hata moja. Alipanda ngazi akiwa mikono mitupu.

Mureithi alikaa mezani, mahali pale pale alipokaa jana, kisha akaona na kuhama kiti. Nasike alipakua bakuli, akaliweka mbele yake. Mvuke ulipanda kati yao.

"Sufuria?" Mureithi aliuliza.

"Nimeichemsha mara mbili."

"Mwiko?"

"Mpya."

"Na viungo vya pakiti?"

"Hakuna. Nilisoma pakiti, vina ngano. Nimetia chumvi, tangawizi na saumu tu. Uzito ni nduma na viazi."

"Na huyu kuku?"

"Ni yule wa kuwafungia. Hakukutana na ule mchuzi."

Mureithi alishika kijiko lakini hakukiinua. "Umekumbuka kila kitu."

"Leo."

"Leo," alikubali. "Nasike, sikukasirika kuhusu unga. Nilikuona umesimama pale, umechoka mpaka miguu inatetemeka, nikasema huyu amesahau. Mtu anasahau. Mimi nimewahi kuchomelea dirisha kichwa chini, na mwenye nyumba amesimama hapo anatazama. Lakini baba yako alipoinuka nilikutazama. Nilikutazama wewe peke yako."

"Uliniapisha ninyamaze."

"Nilikuapisha kuhusu tumbo langu. Sikukuapisha kuhusu unga."

Nasike alihisi uso ukimwaka. Usiku kucha alikuwa amejifariji kwa kiapo kile, akijiambia kwamba alinyamaza kwa ajili yake. Ingetosha kusema, baba, mchuzi huu nimeuharibu, asile. Maneno matano. Hakuna kiapo ambacho kingevunjika.

"Niliona aibu," alisema. "Watu wote pale wanakula wakisifu mkono wangu. Nikaona afadhali wakulaumu wewe. Ndiyo ukweli."

Mureithi aliinamisha kichwa. Kijiko kilikwenda kwenye bakuli, kikapanda. Alikula. Alikula kijiko cha pili na cha tatu, bila kuharakisha, na mabega yake yaliyokuwa yamekakamaa tangu aingie yakaanza kushuka. Nasike alisimama akimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakujua mwanamume huyo anawaza nini.

Hapo ndipo ufunguo ulipozunguka mlangoni. Mzee Wanyonyi aliingia, Biblia kwapani, akasimama.

"Mulembe, Baba," Mureithi alisema akiinuka, kwa salamu ya kwao mzee.

"Umerudi kumalizia kuacha?" Mzee Wanyonyi alisema. Kisha akaliona bakuli, limefika nusu. "Kumbe unakula. Jana, mbele ya wazee, ulishiba. Leo, mimi nikiwa kanisani, una njaa."

"Baba, kaa," alisema Nasike.

"Unaniambia nikae kwangu?"

"Nakuomba, Baba. Nina neno."

Mzee alikaa kwenye ncha ya kochi, koti bado mwilini. Nasike alimtazama Mureithi. Mureithi aliitikia kwa kichwa. Basi akasema yote, amesimama katikati ya chumba, mikono imeshika aproni. Alisema ugonjwa, alisema kiwanda, alisema vijiko vitatu. Alipofika mahali pa kukumbuka na kunyamaza, alisita, lakini alirudi akapamaliza.

Mzee Wanyonyi alipomgeukia Mureithi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulijua mchuzi una unga?"

"Nilijua, Baba."

"Na hukusema. Hata nilipokufukuza."

"Ningesema, Nasike angeaibika mbele ya watu wake. Nikaona mimi ni mgeni. Mgeni anaweza kwenda na aibu nyumbani kwake. Yeye anaishi hapa."

Mzee alivua koti. Alilikunja vizuri, akaliweka magotini, akalipapasa kwa muda mrefu. Alionekana mzee kuliko jana.

"Mimi nililala nikiwaza binti yangu ametaka kuolewa na mtu asiye na heshima," alisema. "Nasike, nimekulea baada ya mama yako kufa. Nilidhani nimekulea vizuri. Mtu anakubebea aibu yako, na wewe unamtazama akiondoka nayo." Akamgeukia Mureithi. "Kijana, ningekuwa wewe, ningeenda kutafuta mwingine. Nasema hivyo na huyu ni mtoto wangu."

Nasike alisubiri. Hakuna kitu alichowahi kukiogopa kama jibu lile.

"Nilifikiri hivyo, Baba," alisema Mureithi. "Jana njia nzima hadi Huruma. Na usiku. Na leo asubuhi aliponipigia nilimwambia sijui kama nitakuja." Aliliangalia bakuli. "Lakini mimi nimechoka. Miaka sita nakula peke yangu. Nikienda harusini nabeba viazi kwenye mfuko wa koti, najificha nyuma ya hema nikivila. Kwa mama yangu naambiwa nijikaze, ngano si kitu. Huyu alinipigia akasema, 'Nilikosea.' Hakusema 'lakini.' Sijawahi kusikia mtu mwingine akiniambia hivyo. Nikasema acha niende nimwone usoni."

"Na umemwona?"

"Nimemwona. Ananiambia ukweli hata ukiwa mbaya kwake. Huyo naweza kukaa naye."

Nasike alijifuta macho kwa kiwiko. Baba yake alimtazama kwa muda, kisha akatoa simu mfukoni, akaisukuma mezani kuelekea kwake.

"Mimi nilimtukana kijana huyu mbele ya mjomba wake," alisema. "Mzee Johnson yuko kwake sasa hivi, na anajua familia yetu haina adabu. Mpigie. Sauti iwe wazi. Nataka nisikie."

"Sasa hivi, Baba?"

"Unataka kusubiri mpaka lini?"

Mureithi alimtajia namba. Simu iliita mara tano, na kila ilipoita Nasike aliomba kimoyomoyo isipokelewe, kisha akaona haya kwa kuomba hivyo.

"Hello?"

"Shikamoo, Mjomba. Ni Nasike. Wa Njiru."

"Marahaba."

"Mjomba, jana Mureithi hakukataa chakula chetu. Mchuzi ulikuwa na ngano. Niliitia mimi kwa mkono wangu, na nilijua haruhusiwi, nikasahau. Nilipokumbuka nikanyamaza kwa kuona aibu. Mkafukuzwa kwa sababu yangu. Baba hakujua. Kosa lote ni langu."

Mzee Johnson alipumua. Nyuma yake kulisikika nyundo ikigonga mabati, kisha ikaacha.

"Mtoto wetu yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko hapa kwetu."

"Anafanya nini hapo?"

Nasike aligeuka. Mureithi alikuwa amemaliza bakuli, na sasa alilishika kwa mikono miwili, akilisukuma mbele kidogo, kama mtu anayeona aibu kuomba.

"Anataka aongezwe supu, Mjomba."

Nyundo iligonga tena mabati, ikaacha.

"Yeye haombagi kuongezwa," Mzee Johnson alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Hata kwa mama yake haombi. Basi mpe, halafu umwambie baba yako tutarudi."

Simu ikakatika. Nasike aligeuka kwenda jikoni, lakini hakufika. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu, akalia kwa uchovu na kwa furaha, bila kujua kipi kilianza. Mureithi alitoka kitini, akaenda kukaa sakafuni kando yake, akamshika mkono mbele ya mzee, jambo ambalo halikuwa la adabu hata kidogo.

Mzee Wanyonyi alitazama ukuta. Akasema wasije Jumamosi ijayo, maana ana kikao cha chama, waje ile inayofuata. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, na wakamsikia akitafuta bakuli.